Fundi wa Shabaha, Mke Mwenzangu

Mwanamke akisema ana mke mwenza, watu humuuliza ametoka wapi, ana watoto wangapi, na kama anajua kupika. Wangu alikuwa na ndevu hadi kifuani, kilemba cha buluu, na miwani iliyofungwa kwa waya sikioni. Mume wangu alimwendea kila Jumapili, na aliporudi jioni alinuka mafuta ya bunduki shati zima. Nilimwonea wivu mtu huyo miaka mingi, na sioni haya kusema.

Tulimwita Fundi. Nairobi ya siku zile ilijaa mafundi, wa viatu, wa saa, wa mabomba, lakini nyumbani kwetu Riruta mtu akisema Fundi hakuna aliyeuliza yupi. Watoto wangu walijua jina hilo kabla hawajajua la babu yao wa Maragoli. Nilipomkumbusha mume wangu jambo hilo alicheka, akasema babu yao hawezi kutengeneza bunduki.

Karakana yake ilikuwa mjini, katika uchochoro nyuma ya Biashara Street, chumba kimoja chenye mlango wa chuma na benchi refu lililochakaa. Wenzake Wahindi wa mtaa ule waliuza vitambaa na sufuria. Yeye Singasinga alitengeneza bunduki za wawindaji, wale wa kampuni za safari waliowapeleka wageni kupiga nyati na tembo. Mume wangu alikuwa mbeba bunduki wa kampuni moja ya namna hiyo. Alitembea nyuma ya mzungu mwenye leseni akiwa na bunduki ya pili begani, na alipotumwa mjini kupeleka bunduki iliyoharibika, alimpelekea Fundi. Ndivyo walivyojuana, na ndipo taabu yangu ilipoanza.

Uhuru ulipokuja, mume wangu aliamua hataki tena kutembea nyuma. Alitaka leseni yake mwenyewe, aitwe mwindaji na si mbeba bunduki. Wazungu wa kampuni hawakumkataza, lakini hawakumfundisha pia. Fundi ndiye aliyemwambia njoo Jumapili. Nami sikumwambia asiende, kwa sababu nilidhani ni Jumapili moja.

Kazi iliyompa Fundi jina ni kukalisha bunduki. Acha nieleze, maana hata mimi nilieleweshwa kwa lazima. Risasi haiendi moja kwa moja kama uzi uliovutwa. Ikitoka mdomoni hupanda kidogo, halafu hushuka, na kadiri inavyokwenda mbali ndivyo inavyozidi kushuka. Jicho lenyewe hutazama moja kwa moja tu. Kwa hiyo kuna umbali fulani ambapo jicho na risasi hukutana, na fundi ndiye anayeuchagua kwa kusogeza vile vyuma vya kulengea. Mnyama akiwa hapo, lenga pale unapotaka kupiga. Akiwa mbali zaidi, lenga juu kidogo ili risasi imshukie mahali pake. Ni hayo tu, na hayo ndiyo yaliyonichukulia mume.

Aliyaleta hadi mezani. Nilikuwa nikipakua chakula, yeye anapanga punje za maharagwe kwenye kitambaa, zikipanda na kushuka.

"Tazama, Mama Kageha. Hii sufuria ni nyati."

"Hiyo sufuria ni chakula yako inapoa," nikasema.

"Hapana, sikia. Fundi anasema ukiweka yadi mia mbili, hapa katikati risasi iko juu. Inchi mbili, tatu hivi. Sasa nyati ikiwa karibu na wewe umesahau..."

"Fundi amekula?"

"Sijui."

"Basi kula wewe."

Alikula, lakini jicho lilikuwa kwenye maharagwe. Mimi ni mshonaji, nilikuwa na cherehani yangu barazani na sare za shule za nusu ya mtaa wa Satellite. Nilikuwa na habari zangu za siku, mteja aliyelalamikia upindo, mwalimu aliyemsifu mwanangu Kageha. Nilizimeza pamoja na ugali.

Nilimwona Fundi kwa macho yangu akiwa kazini siku nilipompelekea mume wangu ujumbe mjini. Aliingia mwanasheria mmoja, Mhindi wa Westlands mwenye suti nzuri, na bunduki mpya ya wanyama wakubwa, aina ya tatu sabini na tano. Akataka ikaliswe yadi mia mbili.

"Wewe nakwenda piga nini?" Fundi akauliza.

"Nyati. Na choroa kama nikipata."

"Choroa wapi?"

"Isiolo."

"Isiolo sawa. Kule iko wazi, choroa nasimama mbali, mia mbili mzuri sana. Lakini nyati gani nangoja wewe yadi mia mbili? Nyati wewe naona iko karibu kama ile mlango." Akaonyesha mlango. Mwanasheria akageuka kuutazama, nami nikageuka, na nakiri kwamba kwa nukta moja niliona pembe.

Walibishana vizuri tu, kama watu wanaojuana. Mwanasheria alisema bunduki moja haiwezi kukaliswa mara mbili katika safari moja. Fundi alisema kweli, basi wewe chagua mnyama gani naweza ua wewe, kalisha kwa huyo. Mwanasheria akacheka, akakubali mia moja, Fundi akanung'unika kwamba mia moja ni ya watu wasiotaka kuamua. Mume wangu alikuwa amesimama kando akisikiliza kwa mdomo wazi. Sijawahi kusikilizwa hivyo, hata siku ya harusi yangu.

Fundi alikuwa na misemo yake, na yote ilihamia nyumbani kwangu bila kulipa kodi. "Kwanza miguu, halafu bunduki," yaani sogea karibu kabla hujafikiria kulenga juu. Mume wangu aliwaambia hivyo watoto wakitaka kitu kilichokuwa mbali na mkono wao. Mwingine ulikuwa wa mbingu. Fundi alikubali mtu alenge juu kidogo kwa mnyama wa mbali, lakini mwisho ni manyoya ya mgongo. Ukiona mbingu kati ya shabaha yako na mgongo wa mnyama, rudisha bunduki begani, utembee. "Mbingu hapana nyama," alisema. Ukweli ni kwamba ni maneno yenye akili, na hilo ndilo lililoniudhi. Ingalikuwa rahisi kumchukia mpumbavu.

Tena basi, mtu huyu hakuwahi kuua mnyama hata mmoja. Hakula nyama wala samaki wala yai. Wawindaji wa Nairobi walimletea bunduki zilizokuwa zimeangusha tembo, naye alizifuta damu kwa kitambaa, akanawa mikono hadi viwiko, akala dengu. Nilimwuliza mume wangu inakuwaje.

"Anasema hiyo ndiyo sababu anataka ipige sawa," akanijibu. "Mnyama asiumie."

"Na wewe unamwamini?"

"Kwa nini nisimwamini?"

Mimi niliona ni mtu anayenoa kisu na kuwaachia wengine dhambi. Nilisema hivyo pia, na mume wangu akaninunia siku nzima kana kwamba nimemtukana mama yake.

Mambo ya kula yananikumbusha siku ya kuku. Mume wangu alimwalika Fundi nyumbani, mara ya kwanza. Kwetu mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, na firigisi ni ya mwenye nyumba. Mtu mwingine haigusi. Nilichinja jogoo wangu mwekundu. Sikuwa nimeambiwa kitu. Fundi akaja na gari lake dogo kuukuu, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaketi. Nikaweka sahani. Na mume wangu, mbele ya macho yangu na ya jirani aliyekuja kuchungulia, akachukua firigisi akaiweka kwenye sahani ya yule mtu.

Fundi aliitazama ile firigisi, akaitazama sura ya mume wangu iliyokuwa ikingoja kama mtoto aliyeleta zawadi. Nilidhani ataila. Nadhani hata yeye alidhani ataila. Halafu akaichukua kwa vidole viwili, akairudisha kwa mume wangu taratibu.

"Mimi hapana kula nyama, ndugu. Lakini mimi naona wewe nafanya nini."

Akala ugali na mboga ya mrenda, akaongeza mara ya pili, akausifu mrenda wangu akiapa kwa jina la mama yake mwenyewe aliyekwisha kufa. Mume wangu akatafuna firigisi yake macho yakiwa mekundu. Jogoo wangu mwekundu aliliwa na watoto. Nilikuwa na hasira mara mbili: kwamba amempa firigisi, na kwamba yule mtu alijua maana ya firigisi kuliko nilivyotaka ajue.

Siku hiyo hiyo alisikia cherehani yangu. Nilikuwa nimerudi barazani kumaliza sare, maana sikutaka kukaa nao, naye akatoka, akasimama kunisikiliza nikishona. Si kunitazama. Alisikiliza mashine. Akaomba bisibisi. Nilisema haijaharibika. Akasema ndiyo, haijaharibika, lakini inalia. Akaifungua, akaondoa uchafu wa miaka, akaigusa hapa na pale, akaifunga. Tangu siku hiyo ilishona kitambaa kizito bila kukwama hata mara moja. Nilitamani iharibike ili niweze kusema ni yeye aliyeiharibu. Haikuharibika.

Nikifikiria, sikuwa na la kumlaumu ambalo ningeweza kulipeleka kwa wazee. Hakumlewesha mume wangu, hakumpeleka kwa wanawake. Asubuhi Fundi alikwenda gurudwara, hekalu lao Masingasinga, mume wangu alikwenda kanisani kwetu Riruta, kisha wote wawili wakaacha sala zao njiani wakakutana kwenye machimbo ya mawe upande wa Ngong, ambako watu wa bunduki walikuwa na ruhusa ya kujaribia shabaha. Mungu wa huku na Mungu wa kule waliachwa kwa ajili ya karatasi yenye duara.

Nilikwenda mara moja. Nilijiambia nawapelekea chai. Nilitaka kuona ni kitu gani.

Mume wangu alikuwa amelala kifudifudi juu ya gunia, bunduki imekaa kwenye mfuko wa mchanga. Fundi alipiga magoti nyuma yake na darubini. Hakumshika, alimgusa tu bega kwa kidole kimoja. "Pumua," akasema, na mume wangu akapumua. "Sasa ngoja," na mume wangu akangoja. Mlio ukapasua machimbo yote. "Kidogo kushoto. Wewe nafikiria kitu. Nafikiria nini?" Mume wangu akageuka akaniona, akasema hakuna.

Nilisimama na chupa yangu ya chai. Mimi nikimwambia mume huyu asogeze kiti hasikii mpaka mara ya tatu. Hapa mtu anamwambia pumua na anapumua. Kabla sijafikiri nikasema, "Nipeni na mimi."

Mume wangu akataka kucheka. Fundi hakucheka. Akanipisha gunia, akanifundisha bega, shavu, kidole, kwa maneno machache, kama alivyomfundisha yeye. Risasi ya kwanza ilinivunja bega, au nilidhani imenivunja, na vumbi likaruka mbali na karatasi. Nilitaka kuamka. "Kaa," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa ya hasira. Hii ya pili ni ya mama Kageha." Nikapumua. Nikangoja. Niliona karatasi ikitikisika.

Fundi akatazama kwa darubini muda mrefu, halafu akamwambia mume wangu, si mimi, "Mama iko na jicho."

Nilifurahi. Hilo ndilo lililonikera njia nzima tuliporudi nyumbani. Nilifurahi mpaka nikatembea kama msichana, na nikaelewa kwa nini mume wangu humwacha mchungaji katikati ya mahubiri. Sikurudi tena pale. Niliogopa kuwa wake wenza wawili wa mtu mmoja ambaye hata hakututaka.

Hasira za Fundi zilikuwa maarufu. Aliwafukuza watu waliotaka bunduki haraka. Aliitukana hali ya hewa kwa lugha tatu. Lakini kuna jambo moja nililoliona taratibu, na kila nilipoliona lilinichoma. Kwa wateja wote alikuwa na jibu: wa Isiolo mia mbili, wa msituni hamsini, nenda. Kwa mume wangu hakuwa na jibu. Mume wangu alipata leseni yake hatimaye, na Fundi mwenyewe ndiye aliyemtafutia bunduki kuukuu yenye kitako kizuri. Bunduki hiyo aliikalisha hamsini, akairudisha mia, akaishusha tena. Alimwuliza mgeni ni nani, hupiga vipi, kama anaogopa. Mwindaji kazi yake ni kusimama kati ya mgeni na nyati aliyejeruhiwa, na Fundi alijua hilo kuliko mtu yeyote. Kabla ya kila safari mume wangu alishinda karakanani. Kwangu alipita kuchukua nguo.

Wasiwasi juu ya mume wangu ulikuwa haki yangu. Mimi ndiye niliyevishwa pete. Nilipomwona mtu mwingine akiubeba, tena akiubeba vizuri kuliko mimi, nilihisi nimeibiwa.

Halafu kulikuwa na nyati wa Narok. Mume wangu alikuwa ametumia wiki kadhaa nyika za kaskazini na mgeni aliyependa kupiga mbali, na bunduki ya yule mgeni ilikuwa dhaifu, ikawa kazi ya mume wangu kumaliza wanyama kutoka mbali sana. Mkono wake ukazoea kuinua kidogo juu ya bega la mnyama. Wakatoka huko moja kwa moja wakaingia msitu wa Narok kutafuta nyati. Mgeni akajeruhi, nyati akaingia kichakani, mume wangu akafuata kama inavyopaswa. Nyati alipotokea, alikuwa karibu, karibu kabisa. Na mkono ukainuka wenyewe. Risasi ikapita juu ya bega, ikaingia kwenye nyama ya nundu, nyati akaendelea kuja. Ya pili ndiyo iliyomwangusha, na alianguka akachafua buti za mume wangu kwa damu.

Haya sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na dereva wa lori la kampuni, aliyepita kwangu kuchukua suruali ya mtoto wake. "Mungu ni mkubwa, mama, baba Kageha amepona," akasema, akidhani najua. Nikauliza wamefika saa ngapi. Akasema saa sita mchana walikuwa mjini. Mume wangu alifika nyumbani jua likizama.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa Fundi."

"Na hizo buti?"

Akazitazama kana kwamba ni za mtu mwingine. "Nilienda kumwambia mkono uliinuka. Yeye ataelewa."

"Na mimi nisingeelewa nini? Kwamba ungekufa?"

"Mama Kageha, wacha maneno. Nimechoka."

Niliziosha zile buti mwenyewe. Maji yalitoka mekundu, halafu ya udongo, halafu safi. Nililia, na sikulilia hatari aliyopita. Nililia kwa sababu kifo chake kilikuwa kimepelekwa kwa mtu mwingine kwanza.

Mwaka wa sabini na saba serikali ikafunga uwindaji. Nitasema bila kuona aibu: nilishangilia. Wengine walilia, kampuni zikafunga ofisi, madereva wakakosa kazi, Fundi akabaki kutengeneza makufuli na cherehani za watu. Mimi nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilidhani sasa mume wangu atakuwa wangu, hata kama atakuja kwangu amenuna. Tutafungua kiduka. Atakaa barazani nikishona, atasikia habari za upindo.

Miezi michache baadaye akaniambia kampuni inahamia Sudan. Wanamtaka. Msimu mzima, labda misimu miwili.

Nilisema usiende. Nilisema kwa upole, nikasema kwa ukali. Nilimtuma Kageha, aliyekuwa sekondari sasa, akamsihi baba yake. Nilimleta mchungaji. Mume wangu alitusikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua kwenye mabati, kisha akaendelea kupaka kitako cha bunduki mafuta. Wiki nzima ikapita hivyo, na nikajua kuna mtu mmoja tu duniani ambaye neno lake lingeingia.

Nilivaa gauni langu la kanisani nikaenda kwa miguu. Nilitoka Riruta nikapitia Kawangware, nikapanda hadi Muthangari, kwenye nyumba yenye ua wa maua mekundu ambayo sikuwahi kuingia. Njia nzima nilitunga maneno ya kumwomba bila kuonekana naomba. Mkewe ndiye aliyefungua. Mwanamke mwembamba, mwenye mvi, shela begani. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Wewe ndiyo bibi ya ile mtu ya Jumapili?"

"Ndiyo mimi."

Alinitazama kama mimi ndiye niliyemchukua mumewe. Nilikuwa nimekuja na chuki yangu, sikuwa nimefikiri kwamba nyumba hii nayo ina yake. Akanielekeza nyuma, akaenda kuchemsha chai.

Fundi alikuwa ameketi uani bila kilemba kile kikubwa, kitambaa kidogo tu kimefunika fundo la nywele zilizokuwa nyeupe zote. Alikuwa mzee. Sijui ni lini alizeeka. Mimi nilikuwa nimemshika akilini vile vile alivyokuwa siku ya kuku. Alisimama haraka aliponiona.

"Mama Kageha. Yeye iko mzima?"

Hata salamu hakunipa. Hilo ndilo lililomtoka kwanza.

"Mzima," nikasema. "Anataka kwenda Sudan."

"Mimi najua."

Alijua, ndiyo. "Tangu lini?"

"Mwezi ile ingine."

Mimi nilikuwa nimeambiwa wiki iliyopita. Nikaketi kabla sijakaribishwa. "Mwambie asiende."

"Wewe ndiyo bibi yake. Wewe sema."

"Nimesema! Nimesema mpaka sauti imekauka. Hanisikii mimi. Anakusikia wewe. Unajua anakusikia wewe, umejua miaka yote."

Chai ikaja, mkewe akaiweka, akaondoka polepole. Fundi akazungusha kikombe chake bila kunywa.

"Yeye hapana ambia wewe habari ya jicho?"

"Jicho gani?"

Akanitazama, na nikaona kwamba anatamani angekuwa hajasema. "Jicho ya kulenga. Ya kulia. Naingia ukungu. Sasa mwaka moja, karibu mbili. Ile chuma ya mbele yeye naona kama moshi. Mimi naweka ingine kubwa. Halafu naweka nyeupe. Zamani mimi nakalisha mia, halafu hamsini, halafu ishirini na tano. Mimi nafupisha, nafupisha, mama. Sasa yadi hapana baki."

Nilikuwa nikikaa na mume huyu kila jioni, taa moja, mimi nikishona yeye akisikiliza redio. Alikuwa akimwambia Kageha amsomee gazeti. Nilidhani anajivunia elimu ya mtoto. Nilikuwa nimewasimulia majirani.

"Daktari je?"

"Mimi napeleka yeye, Parklands. Daktari nasema hii hapana rudi. Ile ingine labda iko safari moja na hii."

"Ulimpeleka wewe."

"Ndiyo."

"Na hukuniambia."

"Yeye naomba mimi. Nasema wewe tazuia yeye."

"Ningemzuia!"

"Mimi pia nataka zuia." Akaweka kikombe chini. "Lakini mimi nakataa, yeye nakwenda kwa fundi ingine. Fundi ingine hapana jua jicho yake. Kalisha bunduki kama ya mtu ya macho mzima, yeye nakufa. Afadhali mimi. Mimi nafikiri hivyo. Pengine mimi nakosa."

Maneno niliyotunga njiani yalikuwa yamepotea yote. Nilimwona jinsi alivyokuwa akihangaika peke yake na vyuma vyake vidogo, akijaribu kumweka mume wangu hai kwa inchi, nami nikiwa Riruta napinda nguo za watu nisijue lolote. Nilimwelewa kabisa. Kumsamehe sikuweza.

"Sasa Sudan," nikasema.

"Sudan hapana." Akatikisa kichwa. "Kule iko wazi, kule nataka mtu naona mbali. Kesho yeye naleta bunduki. Mimi tasema."

Nilikunywa ile chai hadi chini kwa sababu mkewe alikuwa akitazama dirishani. Fundi akanisindikiza hadi lango. Nilimshukuru kwa neno moja, nikashika njia.

Kesho yake mume wangu alirudi mapema, jua bado lipo. Hakuwa na bunduki. Akaketi kwenye kiti chake, akaweka mikono juu ya meza, akaitazama.

"Fundi amesema nisiende."

Nilikuwa na mwiko mkononi. "Nawe ukasemaje?"

"Nimesema sawa."

"Hivyo tu?"

"Sasa niseme nini, mama? Fundi akisema, ni sawa."

Nilimpakulia akala, na alipopapasa mezani kutafuta chumvi nilimsogezea, na mara hii nilijua kwa nini anapapasa. Mume wangu alikuwa amebaki. Hatakufa Sudan kwa mnyama asiyemwona. Nilishukuru, Mungu ni shahidi yangu. Kisha nikaingia jikoni, nikafunga mlango, nikalia kwa wivu mpaka moto ukazimika, kwa sababu maisha yangu yote na mume wangu nilitaka aache kitu kimoja, kimoja tu, kwa vile mimi nimesema.